Ufizi Uliorudi Nyuma

Meno meupe ni sifa ya mtu, nasi twayasugua tangu utoto. Lakini fizi twazisahau, nazo ndizo udongo unaoshika mti. Udongo ukimomonyoka, mizizi hubaki wazi.

Jirani yangu hapa Mtoni, mama wa Kiislamu, alikuwa akishtuka kila anywapo maji baridi. Chonge lake lilionekana limerefuka. Kumbe jino halikurefuka; ufizi ndio uliorudi nyuma. Huenda mtu asugua kwa nguvu mno. Au ukoga umeachwa hata ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, fizi zikavimba na mfupa unaoshika jino ukaliwa.

Nilimsindikiza kwa daktari wa meno. Alituambia kwamba ufizi wa namna hiyo hauoti tena wenyewe. Kwanza huondolewa ugaga, na mgonjwa hufundishwa kusugua pole pole. Kisha, ikiwa haja ipo, hupigwa sindano ya ganzi. Daktari hukata kipande chembamba cha nyama katika kaakaa, akakishona juu ya mzizi ulio wazi. Kidonda cha kaakaa hupona kwa majuma 2 hivi. Lakini mfupa wa kati ya meno ukiwa umekwisha, mzizi haufunikwi wote.

Tena viko vitu vya kusaidia mwili kuotesha upya. Mwaka 1982 wataalamu wa Sweden, Nyman na Lindhe pamoja na wenzao, walionyesha kwamba utando ukiwekwa kati ya ufizi na mzizi, ufizi hauwahi kuziba mahali pale, na nyuzi zinazoshika jino hupata nafasi ya kuota. Siku hizi tando nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe. Iko na dawa itokayo katika meno machanga ya nguruwe.

Hapo jirani yangu akainua uso. "Nguruwe?"

Daktari hakucheka. "Mama, ni haki yako kujua kabla sijashika kisu." Mama akachagua nyama ya kaakaa lake mwenyewe.

Basi, msomaji, ukiambiwa upasuliwe fizi, usione haya kuuliza: Ugonjwa umeletwa na nini? Kiraka chatoka wapi? Nitakitunzaje? Jibu la kwanza ndilo kubwa, maana kiraka kipya hakidumu ikiwa kilichotoboa nguo bado kipo.