Uwanja wa Kijiji Uchaguliwe na Wanakijiji

Tutembee Buhemba, katika Mkoa wa Mara. Ukitoka Musoma mjini unapita Makutano, halafu Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Ukiipita Butiama utafika Buhemba.

Buhemba inajulikana kwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilichimbwa tangu wakati wa ukoloni. Mpaka leo wapo wachimbaji wadogo. Mahali penye dhahabu, ardhi hugombewa. Huyu anataka kuchimba. Yule anataka kulima. Mwingine anataka kulisha ng'ombe. Je, watoto watacheza wapi?

Swali hili si dogo. Shimo la machimbo huweza kubomoka. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mtoto anaweza kuzama. Tena wachimbaji wengi hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Zebaki ni sumu. Nyingine hubaki katika mchanga wa marudio. Mchanga huo, hata ukiwa tambarare, si mahali pa kuchezea mpira.

Nani achague mahali pa uwanja? Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa Mara walihamishwa. Mahali pengi viongozi walichagua, watu wakaambiwa tu.

Leo ipo njia nyingine. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza ardhi ya matumizi ya wote. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema katika mkutano huo.

Basi, kabla ya mkutano, tembeeni kijijini pamoja. Waulizeni wazee: mashimo ya zamani yako wapi? Maji hutuama wapi? Waulizeni kina mama: ni wapi mtawaona watoto mkiwa kisimani? Waulizeni wafugaji: ng'ombe hupita wapi? Wasichana nao waulizwe. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 100 kwa 64 huchukua zaidi kidogo ya eka moja na nusu. Wa netiboli ni mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo tu. Mkipanga vizuri, vyote viwili vitaenea. Acheni pia mti wa kivuli kwa wazee wanaocheza bao. Mwalimu naye alipenda bao.

Mkishakubaliana, uwanja uandikwe katika daftari la ardhi ya wote. Pandeni miti mpakani. Uwanja usioandikwa huliwa kidogo kidogo: leo kibanda, kesho shamba.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Nenda ofisi ya kijiji, omba daftari hilo, ulisome. Je, uwanja wa watoto wako umo?