Shemine Yetu

Katika mji wetu wa Bukavu ziko nyumba nyingi zilizojengwa na Wabelgiji kabla ya mwaka 1960. Mji uko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa Kivu, na jioni za mvua baridi hushika. Kwa hiyo wajenzi wale waliweka ukutani mahali pa kuotea moto, ndipo tunapopaita shemine.

Nyumba tunayokaa ni ya namna hiyo. Lakini makala ni ghali, tena mengine hutoka katika misitu ya Kahuzi-Biega, iliyo hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Nani atachoma gunia zima ili apashe ukuta moto? Basi shemine ikawa nyumba ya panya, na mvua ikishuka katika dohani ilimwaga masizi sakafuni.

Wakati wa likizo baba alituita tufanye shauri. Mama alitaka izibwe kwa matofali. Kaka yangu akasema dohani ifunikwe kwa bati, kisha tuweke mbabula ndani, tuote moto kwa makala machache. Mimi nilikataa. Tumefundishwa kwamba makala yakiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta aweza kulala asiamke. Na katika chumba hicho hulala Koko, mama yake baba, pamoja na wadogo wangu wawili. Kaka alikasirika, akaniuliza kama masomo yangu yatawapasha wazee moto. Ndipo Koko akasema, "Wajukuu wangu, msigombane. Baridi naijua tangu zamani. Ninunulieni blanketi la pili." Baba akalinunua.

Kisha tukaanza kazi, kaka na mimi. Tulikwangua masizi, tukapaka chokaa. Juu ya dohani tuliweka bati lililoinuliwa kidogo, na wavu wa kuzuia ndege, ili mvua isiingie lakini unyevu upate kutoka. Chokaa ilipokauka tukapigilia mbao tatu za mkalitusi, tukapanga vitabu vyetu. Sasa wadogo hugombea kukaa pale wasome.

Wasomaji wenzangu, kitu kilichoachwa na wengine si lazima kitumike kama walivyokitumia wao. Lakini mkifunika dohani, waambieni watu wote wa nyumbani, hata wageni, kwamba pale moto hauwashwi tena.