Mfuko wa Misiba na Hisa za Peni Sitini

Kwa karibu miaka mitatu, kuanzia Aprili 2005, sisi watu wanane wa hapa Reading tulikuwa tukiamka mapema hata siku ambazo hatukuwa na zamu. Saa moja kamili asubuhi ndipo kampuni zilizomo kwenye soko la hisa la London huanza kutoa matangazo yao, na soko lenyewe hufunguliwa saa mbili. Ile saa nzima ya katikati tuliitumia kupigiana simu. "Umeona?" "Bado, kompyuta inajivuta." "Basi leo hakuna kitu." Tukishaambizana hivyo tunakwenda kazini, na kabla ya saa nne kila mmoja wetu ameshachungulia bei mara tatu.

Hatukuwa matajiri, na hatukuwa wajinga. Miongoni mwetu walikuwamo wauguzi wawili, dereva wa basi, mwalimu, mpishi wa hospitali, mama mmoja mwenye duka, na wahandisi wawili tuliosomea umeme katika vyuo vikuu vya hapa hapa Uingereza. Tulikutanishwa na mchezo, ule ambao wengine huuita upatu. Tangu 1999 kila mmoja alitoa pauni 50 kwa mwezi, na mwenye zamu akaondoka na pauni 400. Pembeni ya mchezo tukaanzisha mfuko wa misiba, pauni 10 kila mtu kila mwezi. Kanuni yake iliandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: anayefiwa na mzazi, mume, mke au mtoto hupewa pauni 1,400 ndani ya saa 24, bila kuulizwa swali. Kila aishiye ugenini anaijua simu ya usiku wa manane, na anajua bei ya tiketi inayokatwa kesho yake.

Mwanzoni mwa 2005 mfuko ulikuwa umenona kiasi. Mungu alikuwa ametupa nafasi, misiba ilikuwa michache. Ndipo sisi wahandisi tukaja na maneno yetu: fedha zimelala, riba ya benki haitoshi hata kununua kahawa ya kikao, na sisi tunaifahamu kampuni moja ndogo yenye kitu cha maana.

Kampuni hiyo hatuitaji jina. Imeshakufa, na mafundi wake walikuwa watu waungwana. Ilikuwa inatengeneza mtambo wa kuwekwa jikoni, unaokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani bila kuwasha moto, ukatoa umeme na maji ya moto kwa pamoja. Elimu yenyewe si ngeni. William Grove, mtu wa Wales aliyekuwa mwanasheria na mwanasayansi, aliionyesha tangu 1839, na Wamarekani waliipeleka angani katika chombo cha Gemini 5 mwaka 1965. Sisi tuliisoma darasani. Kuona kitu cha darasani kikigeuka bidhaa, tena kwenye mji ambao gari linafika kwa saa tatu, kulitufanya tujione kama wenye siri. Wenzetu walituuliza, "Mainjinia, nyie mnasemaje?" Tukasema tununue. Tukanunua hisa 5,000 kwa peni 60 kila moja, yaani pauni 3,000, mbali na kodi ya serikali ya nusu asilimia na ujira wa dalali.

Soko tulilonunulia linaitwa AIM, tawi la soko la London lililofunguliwa Juni 1995 kwa ajili ya kampuni ndogo zinazokua. Wakati huo kampuni haikutakiwa kuonyesha hesabu za miaka mitatu kama ilivyokuwa kwenye soko kubwa. Inatakiwa kuwa na mshauri aliyeidhinishwa, naye ndiye anayeithibitisha kuwa inafaa kuingia. Kufikia 2007 soko hilo lilikuwa na kampuni karibu 1,700. Nyingi kati yake hisa zake huuzwa kidogo kidogo, siku nyingine haziuzwi kabisa. Hapo ndipo penye mambo. Hisa ya kampuni kubwa ni kama meli: abiria mia wakihamia upande mmoja haitikisiki. Hisa ya kampuni ndogo ni ngalawa. Mtu mmoja akiinuka kujinyoosha, wote mnalowa. Tuliwahi kuona bei ikipanda asilimia 9 kabla ya saa sita mchana kwa sababu mtu mmoja, asiyejulikana, alinunua hisa 20,000. Sisi tukakaa jioni nzima tukitafuta maana yake. Maana yake ilikuwa kwamba mtu mmoja alinunua hisa 20,000.

Tena ya 2000 tulikuwa tumeyaona kwa macho. Machi mwaka huo kampuni za teknolojia kama Psion, Freeserve na Baltimore Technologies ziliingizwa katika orodha ya kampuni 100 kubwa za London, na wauza pombe wa miaka mingi kama Whitbread wakatolewa kuzipisha. Mwezi huo huo lastminute.com ilipouza hisa zake, waombaji walikuwa wengi kiasi kwamba mtu wa kawaida aligawiwa hisa 35 tu. Marekani, kipimo cha soko la Nasdaq kilifika 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Oktoba 2002 kilikuwa 1,114. Hayo yote tuliyasimulia wenyewe kwenye vikao vyetu, tukacheka. Tuliamini ile ilikuwa tamaa ya watu walionunua majina, na sisi tumenunua mtambo.

Mwishoni mwa 2005 hisa ilikuwa peni 95. Hatuwezi kuwaficha raha tuliyoipata. Vikao vya mchezo ambavyo zamani vilikwisha kwa nusu saa vikawa vya saa tatu. Mzee wetu dereva, ambaye Kiingereza cha magazeti ya fedha hakikumwingia vizuri, akawa anakuja na maswali yaliyoandikwa kwenye tiketi za basi. Mama mwenye duka, mweka hazina wetu, alibandika bei ya kila Ijumaa kwenye mlango wa jokofu lake. Ugenini mtu hupoteza mambo mengi ya kuzungumza na jirani. Hapa tulikuwa na jambo moja letu sote, linalopanda na kushuka kila siku, na kila mtu ana la kusema. Tukifikiria leo, tunaona hilo lilitufunga kuliko faida. Kuuza kungekuwa kama kuvunja baraza.

Vuli ya 2006 taarifa ya mwaka ya kampuni ilifika kwa posta. Wenzetu waliangalia picha. Sisi wahandisi wawili tulikwenda moja kwa moja kwenye kurasa za majaribio, na tukakuta tunachopaswa kukisema hapa wazi. Mtambo wa nyumbani ili umlipe mnunuzi unatakiwa uende saa kama 40,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu ya kufanya kazi mfululizo. Mtambo wao wa majaribio uliodumu kuliko yote ulikuwa umefika saa 1,900, kisha vizuizi vya gesi vikaanza kuvuja. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo lakini bila uongo. Tuliisoma mara mbili. Tulipigiana simu usiku, tukakubaliana kuwa vizuizi ni tatizo la kawaida, litatatuliwa.

Jumapili yake tulipoulizwa tukajibu, "Teknolojia ni nzuri." Jibu lilikuwa kweli. Lakini wenzetu hawakuwa wameuliza kama elimu ya Grove ni nzuri; walikuwa wanauliza kama fedha za mfuko ziko salama. Kazini kwetu, fundi akituletea pampu iliyojaribiwa chini ya asilimia 5 ya muda unaotakiwa, tusingetia sahihi hata kwa kubembelezwa. Hapa tulitia sahihi, tena tukaongeza: tulichukua michango ya misiba ya miezi iliyofuatana tukanunua hisa nyingine 1,300 kwa peni 120. Bei ilikuwa juu, na bei ikiwa juu hata mhandisi huanza kuamini kuwa kuna mtu mwingine, mwenye akili zaidi, aliyeshakagua.

Februari 2007 ikafika peni 174. Hisa zetu 6,300 zikawa na thamani ya karibu pauni 11,000 kwenye karatasi. Mpishi wetu aligawanya kwa nane palepale kwenye leso ya karatasi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba fedha zile hazikuwa za kugawana.

Juni mwaka huo kampuni iliishiwa fedha za kuendeshea karakana, ikauza hisa mpya kwa wawekezaji wakubwa: moja mpya kwa kila tatu zilizokuwapo, kwa peni 80, wakati sokoni ilikuwa 105. Sisi wadogo hatukualikwa. Asubuhi hiyo sehemu yetu ya kampuni ilipungua kwa robo bila sisi kuuza hata hisa moja. Bei ikaanza kuteremka. Tukawa tunaambiana subira yavuta heri. Methali ni kama mkokoteni, hubeba mzigo wowote utakaoupakia.

Usiku wa Jumapili moja ya Januari 2008, dada yetu muuguzi alipigiwa simu kutoka Moshi. Mama yake amefariki. Mazishi yalipangwa Jumamosi, na ili awahi ilimlazimu asafiri Jumatano, kupitia Amsterdam hadi Kilimanjaro.

Jumatatu jioni tulikuwa nyumbani kwake sote, sebule imejaa watu wa msiba. Akaunti ya mfuko ilikuwa na pauni 310. Sisi saba tukajikusanya jikoni, karibu na sufuria ya chai, tukanong'ona. Sokoni bei iliandikwa peni 46 kwa mnunuzi na 38 kwa muuzaji. Kwenye hisa ndogo pengo hilo ndilo linalokula watu. Tena hiyo 38 ilikuwa kwa hisa 2,000 za kwanza. Ukiuza zaidi, dalali anashusha. Tulihitaji kuuza nusu tu ya hisa zetu. Lakini Alhamisi kampuni ilitarajiwa kutangaza mkataba mkubwa na wauzaji wa gesi. Mmoja akasema tukiuza leo tunauza chini kabisa. Mwingine akasema hata tukiuza kesho, fedha hufika siku tatu baadaye, Ijumaa, atakuwa ameshaondoka. Hilo nalo lilikuwa kweli. Hakuna aliyesema, "Mimi natoa mfukoni, mtanirudishia Ijumaa."

Dada akaingia kuchukua vikombe. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani ile pesa ya misiba haipo?"

Mzee dereva aliinamisha kichwa. Mweka hazina alianza kulia. Sisi wahandisi, ambao kwa miaka mitatu hatukukosa la kusema, tulikosa. Dada akachukua vikombe vyake akarudi kwa wageni. Tiketi aliikata kwa kadi ya mkopo.

Alhamisi saa moja asubuhi tangazo lilitoka. Mkataba umeahirishwa mpaka majaribio ya muda mrefu yakamilike. Zilikuwa zile zile saa 1,900. Soko lilipofunguliwa bei ilikuwa peni 19, na kwa muuzaji 15. Tuliuza zote siku hiyo, tukapata pauni 945 kutoka kwenye pauni 4,560 tulizoweka. Kampuni yenyewe iliondolewa sokoni 2009.

Dada alirudi baada ya wiki tatu. Hatukujua tutamtazamaje. Tarehe mosi ya mwezi uliofuata, mweka hazina alipofungua akaunti, alikuta pauni 10 zake zimeingia kama kawaida. Hakutuma ujumbe wowote. Tulichangishana pauni 200 kila mmoja, sisi saba, tukampelekea 1,400 zake na tukamwomba radhi tukiwa tumekaa chini. Alipokea. Alisema maneno machache, na hayo ni yake na yetu.

Mfuko wa misiba bado upo, na uko benki, kwenye akaunti ya akiba ya kawaida yenye riba ile ile tuliyoicheka. Hautoki bila sahihi mbili, na moja ni ya dada, ndiye mweka hazina sasa. Anayetaka hisa ananunua kwa fedha zake, na baadhi yetu bado tunanunua. Kampuni ndogo nyingine hufaulu, na mtu kupenda mtambo si dhambi. Ila sisi wahandisi tumejiwekea sharti: tukiulizwa habari za kampuni, tunaanza na ukurasa tusioupenda, kisha ndio tunasema mengine.

Daftari letu la zamani limejaa, lakini hatujalitupa. Kwenye ukurasa wa Januari 2008 kuna jina la dada na jina la marehemu mama yake, na kwenye safu ya kiasi alicholipwa pako wazi. Tulitaka kupajaza baada ya kumlipa. Dada alikataa, akasema paachwe hivyo.

Ndugu zetu wenye mifuko kama huu, iwe Leicester, Muscat au Minneapolis, tunawaomba jambo moja. Kikao kijacho, kabla ya chai, muulizeni mweka hazina mbele ya wote: pesa ya misiba iko wapi, na akipigiwa mtu simu usiku huu, asubuhi itakuwa mkononi mwake kiasi gani?