Sehemu ya 9: Majibu ya HPV hayasemi mumeo alikuwa wapi

Wenye watoto mgongoni someni taratibu, ya leo ni ndefu kidogo.

Tangu niandike sehemu ya 8 kuhusu vidonda vya mdomoni visivyopona, ujumbe mwingi ninaopata ni wa aina mbili. Wa kwanza: "Sista, baba yetu ana saratani ya koo, daktari ameandika kinyama kipimwe HPV. Si ndiyo ile ya mlango wa kizazi? Imefikaje kooni kwa mwanaume?" Wa pili ni mfupi: "Sista, mume wangu amekutwa na HPV kooni. Nifanyeje na ndoa yangu?"

Naanza na huyu wa pili, maana najua hajalala.

Mwenzangu, virusi vya HPV ni vya kawaida kuliko unavyodhani. Viko vya aina zaidi ya 200, na vingine kazi yake ni kuotesha chunjua mikononi tu. Vile vinavyopita kwa ngono, karibu kila mtu mzima asiye na chanjo hukutana navyo wakati fulani, mara nyingi ujanani, na wala hajui. Mwili wenyewe huviondoa, kwa watu wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki. Vikibaki kule nyuma ya koo, kwenye mafindofindo au kwenye shina la ulimi, vinaweza kukaa kimya miaka kumi, ishirini, hata zaidi, ndipo saratani ijitokeze. Kwa hiyo majibu ya leo yanaweza kuwa yanaongelea kitu kilichoingia kabla hamjajuana, wewe ukiwa bado unavaa sare za shule ya msingi.

Niseme na hili bila kuzunguka, sisi ni watu wazima: kooni virusi hivi hufika zaidi kwa ngono ya mdomo. Ndiyo. Ila hakuna kipimo kinachosoma tarehe virusi vilipoingia, wala jina la aliyevileta.

Niliwahi kumkuta mke wa mgonjwa kwenye benchi la koridoni, furushi lake limeshafungwa, anamsubiri shemeji yake aje kukaa na mgonjwa ili yeye aondoke arudi kwao. Ndani mumewe hawezi kumeza hata uji mwepesi, analishwa kwa mpira. Kumbe ndugu mmoja alikuwa ameisoma karatasi ya majibu, akapiga simu nyumbani hata kabla daktari hajakaa na familia. Mpaka inafika saa nne asubuhi, ukoo mzima unajua kwamba "ana ugonjwa wa wanawake".

Nilikaa naye. Nikamuuliza wameoana lini. Akasema mtoto wa kwanza yuko chuo. Nikamweleza haya niliyowaeleza hapo juu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo na mimi ninavyo?"

Hilo ndilo swali, na wengi wenu mnalo. Jibu: kama mumekaa pamoja miaka yote hiyo, inawezekana ulishakutana navyo na mwili wako ukavimaliza zamani. Hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kumpima mtu asiyeumwa kama ana HPV kooni, wala hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo, kwa hiyo mtu asikuuzie. Unachohitaji ni kile anachohitaji mwanamke yeyote wa umri wako: kuchunguzwa mlango wa kizazi. Yule mama alikuwa hajawahi. Kipimo cha siki, dakika chache, na alikuwa amepita mlangoni pa kliniki ile kila siku akienda kumletea mumewe chakula. Tulikwenda wote. Furushi likabaki chini ya benchi mpaka jioni, na waliyoongea wao wawili baadaye ni yao.

Sasa swali la kwanza. Kwa nini daktari anataka kipimo hiki?

Kile kinyama kilichokatwa kuthibitisha saratani ndicho hicho hicho kinachopimwa, mara nyingi mgonjwa hakatwi tena. Daktari wa patholojia anakipaka dawa ya rangi inayoonyesha protini iitwayo p16. HPV ikiwa ndiyo inayoiendesha saratani, seli hutengeneza p16 kwa wingi kupita kawaida. Kwa saratani ya koo, seli asilimia 70 au zaidi zikishika rangi vizuri, majibu huandikwa chanya. p16 ni kama moshi, si moto wenyewe: wako wachache ambao p16 ni chanya na virusi havimo, ndiyo maana maabara nyingine hupima pia vinasaba vya virusi.

Hapa naomba mtulie, maana ndipo familia zinapopoteza hela. Mdomo na koo si kitu kimoja. Ulimi ule unaouona mtu akiutoa, ufizi, shavu kwa ndani, chini ya ulimi: hiyo ni saratani ya mdomo, na HPV inahusika kwa sehemu ndogo sana. Huko wakosaji wakubwa tunawajua: sigara, ugoro, kuberi, tambuu, pombe kali, na mbaya zaidi ni tumbaku na pombe vikienda pamoja. Mafindofindo na shina la ulimi, kule nyuma, ndiko HPV inakopenda, hasa aina ya 16. Mwongozo wa madaktari wa patholojia wa Marekani wa 2018 unasema hivi: saratani ya kule nyuma, wote wapimwe, ya mdomo wenyewe, si lazima kila mtu. Na kama ni uvimbe wa shingoni wenye saratani ambayo haijulikani ilikoanzia, kipimo kinasaidia, kwa sababu p16 ikiwa chanya daktari anajua akachungulie mafindofindo kwanza. (Uvimbe wa shingoni usiouma kwa mtu mzima, ukipita wiki mbili tatu, mpelekeni. Msiuite tezi mkaupaka mafuta.)

Kwa hiyo kama baba yenu ana saratani ya ubavu wa ulimi, na mtu anawashauri muuze mbuzi mlipie kipimo cha HPV, muulizeni daktari kwa heshima: "Dokta, majibu haya yatabadilisha nini kwa mgonjwa wetu?" Ni swali la haki, na daktari mzuri hakasiriki. Inawezekana mbuzi huyo akawafaa zaidi kwa nauli na malazi. Mionzi ya eneo hili huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kwa wiki, na kama mnatoka mikoani kwenda Ocean Road au Bugando mnajua wenyewe hesabu inavyokuwa.

Kama ni ya kooni na majibu yametoka chanya, msilie bado. Yaani hii ndiyo sehemu inayowashangaza watu. Saratani ya koo yenye HPV kwa kawaida husikia matibabu vizuri kuliko ile ya tumbaku. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 82 ya wenye HPV walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57 ya wasio nayo. Wale walitibiwa kwenye hospitali zenye kila kitu, kwa hiyo namba hizo si ahadi kwa mgonjwa wako. Na kama alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, nafuu hiyo inapungua. Akiacha leo bado inamsaidia.

Lakini msiende kwa daktari kusema "kwa kuwa ni HPV, mpunguzie dawa". Tafiti mbili zilizotolewa 2018 zilijaribu kubadilisha dawa inayoambatana na mionzi, waweke inayodhaniwa kuwa nyepesi, na waliobadilishiwa wakafa wengi zaidi. Amalize dozi yake.

Wanaouliza kuhusu watoto: babu akunywe kwenye kikombe chochote, ale sahani moja na wajukuu kama hamu ipo, ambebe mtoto. Saratani haiambukizi. Nimeona mzee ametengewa kijiko chake kwenye kona ya kabati. Alikuwa anaona.

Na wenye mabinti. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu, bure. Ilianzishwa kwa ajili ya mlango wa kizazi, lakini aina ya 16 imo ndani yake, ile ile ya kooni. Haitibu virusi vilivyokwishaingia, ndiyo maana wanapewa mapema. Haifungi kizazi; waliokwambia hivyo waulize wamesoma wapi. Siku timu ikija shuleni, binti aende na kadi yake.

Sehemu ya 10 ni jinsi ya kumlisha mgonjwa anayepigwa mionzi ya koo: uji wa aina gani, maziwa, parachichi, na nini kisiguse mdomo wake. Mwenye swali aandike hapa chini, au anitumie pembeni kama ni la ndani.