Vivuli Nyuma ya Matajiri



Juma hili tuliitazama kwa muda mrefu katuni ya Joseph Keppler, iliyochapwa mwaka 1893 katika gazeti la Puck la Marekani. Mhamiaji maskini anashuka melini na mzigo wake. Matajiri watano wamenyoosha mikono kumzuia. Nyuma yao vimesimama vivuli vikubwa: ndio wao wenyewe, au baba zao, siku walipofika na matambara yao. Tulicheka.

Kicheko kilikoma tulipoifikia katuni ya Thomas Nast ya mwaka 1871. Humo maaskofu wetu ni mamba. Mitra zao ndizo taya zilizoachama, nao wanatambaa kutoka mtoni kuwaendea watoto wa shule. Waliolengwa ni Wakatoliki, hasa wahamiaji kutoka Ireland. Na Nast mwenyewe alizaliwa Ujerumani, akapelekwa New York akiwa mtoto! Kivuli chake hakukichora.

Tulichukia, twakiri. Ndipo tukakumbuka michoro ya kuwadhihaki wakimbizi ambayo tumekuwa tukipelekeana kwa simu, hata baada ya Misa, tusijiulize kama mwenzetu wa benchi la nyuma, aliyevuka mpaka na watoto wake kutoka Burundi, naye ameiona.