Telekomande isiyosahau

Kasumbalesa na hapa Sakania mjini, televisheni ya okazioni mara nyingi inauzwa bila telekomande. Muuzaji anaiwasha kwa kitufe kilicho chini ya kioo, mwanga unaonekana, mnunuzi anafurahi, anatoa feranga au kwacha na kubeba mzigo wake. Shida inajulikana nyumbani. Dekoda imeunganishwa vizuri, lakini kioo kinabaki cha bluu, kwa sababu tele inangoja kuambiwa itazame tundu gani la nyuma, HDMI au AV. Kwenye baadhi ya tele za siku hizi, si rahisi kuiambia hivyo bila telekomande.

Familia zilizokimbia vita zinaijua shida hii kwa njia nyingine. Mama mmoja aliyetoka upande wa Pweto alifika na tele yake ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, juu ya magunia. Telekomande ilibaki kule. Nyumbani kwake kuna nkambo, mama ya bwana yake, ambaye hasomi na hasikii Kifaransa. Anachotaka kila jioni ni habari za RTNC kwa Kiswahili, asikie kama mahali pao pametajwa. Simu za wajukuu hazimsaidii, macho yake yamechoka.

Telekomande ya kwanza mama huyo aliichagua kwa sababu ilikuwa na vitufe vingi. Kijana aliyeiuza alikuja nyumbani, akaipanga, ikafanya kazi. Wiki chache baadaye betri, au pile kama wengi wanavyosema, zikaisha. Mama akaweka mpya, na telekomande haikuijua tena tele. Karatasi ya namba ilikuwa imetupwa siku nyingi. Nkambo akarudi kukaa mbele ya kioo cha bluu.

Hii ndiyo kasoro ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi. Telekomande ya aina zote inaficha ndani yake namba inayoonyesha lugha ya tele yako, maana kila kiwanda kina alama zake za mwanga usioonekana. Nyingine zinatunza namba hiyo hata betri zikitolewa mwezi mzima. Nyingine, hasa za bei ndogo, zinaisahau. Na mahali ambapo betri za bei rahisi hazidumu, kusahau huko kunarudi mara kwa mara.

Mara ya pili mama alijua la kufanya. Alienda na tele yake sokoni, telekomande ikapangwa, kisha akaomba betri zitolewe.

“Tungoje kidogo, mwanangu.”

“Mama, unaona ninakudanganya?”

“Hapana, mwanangu. Nataka tu kuona kama inakumbuka.”

Kungoja sekunde kumi hakutoshi, kwa sababu ndani kunaweza kubaki umeme kidogo unaoishikilia kumbukumbu. Afadhali dakika tano au zaidi. Muuzaji atanung'unika, lakini feranga ni zako.

Kama tele ni ya kampuni inayojulikana, Samsung au LG kwa mfano, njia rahisi kabisa ni kuacha zile za aina zote na kutafuta iliyotengenezwa kwa jina hilo moja. Nyingi kati ya hizo hazihitaji kupangwa: unatia betri, unabonyeza. Hakuna namba, kwa hiyo hakuna cha kusahau. Ni ajabu kwamba wauzaji husifu zaidi ile ya “tele zote” wakati hii ndiyo inayomfaa mtu mzima asiyesoma.

Tele zenye majina yasiyojulikana zina ugumu wake. Jina lililoandikwa mbele huenda si la aliyetengeneza vyombo vya ndani, basi namba za kwenye kijitabu zinakataa zote. Hapo unahitaji telekomande inayotafuta yenyewe. Kwa kawaida unashikilia kitufe cha SET mpaka taa nyekundu ikae, halafu unabonyeza cha kuwasha na kuzima, polepole, mara nyingi sana. Siku tele itakapozima, acha palepale na uthibitishe kwa OK au kwa kitufe kinachotajwa kwenye kijitabu. Wengi wana haraka, wanapita namba yenyewe, na inabidi waanze upya. Tena usishangilie mapema: kuna namba zinazowasha tele lakini haziongezi sauti wala hazifungui orodha ya matundu. Jaribu sauti, jaribu SOURCE au INPUT, ndipo ulipe.

Kuna pia telekomande inayojifunza, na hii inafaa mahali ambapo majirani wanasaidiana. Unaazima telekomande ya jirani mwenye tele kama yako, unazielekeza pua kwa pua zikiwa karibu, unabonyeza kitufe kimoja kimoja, na mpya inaiga. Saa moja inatosha, na jirani anarudishiwa chake. Ila zianze kazi na betri nzima, la sivyo inaiga vibaya.

Dekoda za kulipia ni jambo lingine. Telekomande ya aina zote mara nyingi haina namba zake, afadhali kununua ya dekoda yenyewe. Tazama kama ina vitufe vichache pembeni vya kujifunza kuwasha tele na kupandisha sauti. Ikiwa navyo, nkambo atashika kitu kimoja mkononi badala ya viwili.

Wanaolalamikia betri wajue kwamba zamani kulikuwa na telekomande isiyozihitaji kabisa. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Chicago iliuza Space Command: kitufe kiligonga fimbo ndogo ya alumini, ikatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, na tele ikatii. Hizo hazifiki Kasumbalesa.

Namba ikishapatikana, iandikwe kwa kalamu ndani ya kifuniko cha betri. Karatasi hupotea, na familia inayohama hupoteza karatasi kwanza. Na kabla ya kuitupa telekomande inayonyamaza, ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha bonyeza. Kama inafanya kazi, kwenye kioo cha simu utaona taa ndogo nyeupe au ya zambarau ikiwaka pale puani. Isipowaka, badilisha betri kwanza, kisha tazama vyuma vinavyozishika. Kutu ya kijani au unga mweupe husuguliwa kwa kitambaa kikavu au ncha ya kisu, na mara nyingi hiyo tu ndiyo iliyokuwa shida.