Picha ya Karatasi za Sabuni

Nataka kuwaeleza kosa langu, ili mwalimu mwingine asilitende.

Siku moja hapa Kabungu niliwaagiza watoto wa darasa la tano wachore picha za mama zao. Msichana mmoja hakuleta mchoro wa kalamu. Alileta kipande cha boksi, na juu yake amebandika kwa uji wa muhogo vipande vya karatasi za sabuni na vya mifuko ya unga: mwanamke ameinama juu ya beseni, na mtoto yu mgongoni. Nikamwambia, "Nilitaka picha, nawe umeniletea takataka." Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni mama. Sabuni hizi ndizo anazofulia nguo za watu, nami nikapata madaftari." Sikumsikiliza. Niliitupa picha ile shimoni mbele ya wenziwe, nao wakacheka.

Hata mwaka uliofuata nilisoma habari za Bibi Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru, nchi ya Kenya, mwaka 1928. Alisomea sanaa Makerere, Uganda, tangu 1950 hata 1952, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuisomea huko. Kisha akawa mwalimu kama mimi, akafundisha miaka mingi. Katika miaka ya 1980 akairudia sanaa yake. Vifaa vya wachoraji ni ghali. Basi akatwaa karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, vitu vilivyomo katika nyumba ya kila mwanamke, akavikata vidogo vidogo na kuvibandika, hata vikawa watu wa kijijini na kazi zao, na wanyama wao. Picha zake zilionyeshwa Paris, Ufaransa. Bibi huyo alifariki mwaka 2021.

Nilipokwisha kusoma niliona haya. Yule mtoto hakukosa kalamu tu. Alichagua kitu kilichopita mikononi mwa mama yake kila siku, ili amjulishe kwetu mama huyo ni nani. Mtoto aliliona jambo hilo. Mimi mwenye cheti sikuliona.

Nikaenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama anafua. Nikamwomba radhi, yeye na bintiye. Mama akacheka, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Lakini binti alitazama chini.

Sasa nimeweka kikapu darasani, nacho kina karatasi za sabuni, za majani ya chai na za unga. Watoto wengi huchukua humo na kubandika picha zao. Yeye hajakigusa bado, wala simlazimishi.

Basi, walimu wenzangu, nanyi wazazi, nawasihi: mtoto akikuletea kazi ya mikono yake, mwulize kwanza ni nini, nawe umsikilize mpaka amalize, ndipo uihukumu.